Mruko wa Mkanda wa Tano

"Sasa tazama vizuri," alisema Mkurugenzi, akazima taa.

Bi Taratibu alikuwa ameanza kutazama vizuri tangu alipovuka mlango. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha, kwanza polisi, na baada ya kustaafu, kwa kujitegemea. Jina lenyewe alipewa na wenzake wa kituoni, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbilia jambo, wala hakuna jambo lililowahi kumkimbia. Alisogeza kiti karibu na skrini, akaweka mkoba mapajani.

Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe. Watu wa rika lake waliijua kama wanavyojua njia ya kwenda nyumbani kwao. Mara ya mwisho kuiona alikuwa mtoto, ameketi juu ya kiti cha mbao kwenye ukumbi wa sinema, na ilikuwa na mikwaruzo mingi mpaka ikadhaniwa kwamba katika mji ule wa kwenye filamu mvua haikatiki. Leo hapakuwa na mvua. Palikuwa na jua. Aliona nyuzi za shati la shujaa. Aliona jasho lililomtoka juu ya mdomo, na gazeti alilolishika lilisomeka hadi matangazo ya mazishi.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe alikuwa na makovu ya ndui!"

"Kila mtu anasema hivyo," alijibu Fundi, akacheka kidogo. Huyu alikuwa binti mwenye miwani mikubwa na glavu nyeupe za pamba. Kazi yake katika karakana hiyo ilikuwa kusafisha mikanda ya filamu, kuipitisha kwenye mashine ya kuskani fremu moja baada ya nyingine, kisha kufuta vumbi na mikwaruzo kwenye kompyuta. Baada ya hapo filamu huingizwa kwenye diski, watu wakaitazama majumbani kwa televisheni zao za kisasa.

Ghafla picha ikaharibika. Haikukatika. Ilififia, kama mtu amepumulia kioo. Nyuso zikawa unga, mashati yakawa mabaka meupe. Hali hiyo ilidumu kama robo saa, na karibu na mwisho likatokea doa la mviringo kwenye kona ya juu, likapotea. Kisha, katikati ya sentensi ya shujaa, jua likarudi na ndui zikaonekana tena.

Taa ziliwashwa.

"Umeona?" aliuliza Mkurugenzi. Alikuwa mtu mnene, mwenye tai iliyomkaba, na alipozungumza alikuwa akiilegeza na kuikaza kama mtu anayekamua ng'ombe. "Mkanda wa tano. Filamu hii iko kwenye mikanda minane. Yote minane tulipewa ikiwa negativu, na saba tumeiskani. Wa tano umeibwa, ukawekwa huu uchafu badala yake. Uzinduzi ni Jumamosi ijayo. Nimealika mawaziri."

"Negativu ni nini hasa?" aliuliza Bi Taratibu. "Nieleze kama unamweleza shangazi yako."

Fundi ndiye aliyejibu. "Ni filamu ileile iliyokuwa ndani ya kamera siku ya kupiga picha, shangazi. Mweupe anatokea mweusi, mweusi anatokea mweupe. Nakala zote zilizopelekwa kwenye majumba ya sinema zilizaliwa humo. Sasa nakala ni kama mtoto. Hii tuliyoikuta ndani ya kopo la tano ni mjukuu, tena amefuliwa mara mia. Lile doa la kwenye kona lilitobolewa ili kumwonya mwendesha mitambo kwamba mkanda unakaribia kuisha. Negativu haina doa kama lile."

"Na una hakika negativu ya tano ilikuwapo?"

"Nimeisafisha kwa mikono yangu hii. Wiki iliyofuata nikafungua kopo ili niiskani, nikakuta nakala."

Mkurugenzi aliikaza tai. "Ufunguo wa chumba cha baridi tunamohifadhi mikanda alikuwa nao yeye na ninao mimi. Mimi sikuiba. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Ufunguo nimeshamnyang'anya, na kesho bodi ikikaa, huyu binti hana kazi."

Fundi alivua glavu moja, akaivaa tena.

"Bodi ikae keshokutwa," alisema Bi Taratibu. "Chumba chenyewe kiko wapi?"

Chumba cha baridi kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya mlango mzito wa bati. Ndani palikuwa na rafu za makopo ya duara na, upande mmoja, waya uliotundikwa nguo za zamani zilizofunikwa kwa shuka: shati jeupe, suti, gauni la maua. Bi Taratibu aliomba kopo la tano. Lebo ilikuwa sahihi, mwandiko ni wa Fundi, na kopo halikuwa na mkwaruzo wowote. Alilifungua, akainusa nakala ile, akakunja uso.

"Siki!"

"Filamu ikikaa kwenye joto muda mrefu huwa inachacha," alieleza Fundi. "Inanuka siki. Ndiyo maana sisi tunaiweka humu."

"Kwa hiyo huyu mjukuu wako alilelewa nyumbani kwa mtu. Kwenye kabati, au darini." Alifunga kopo. "Na hizi nguo?"

"Ni zile zilizovaliwa kwenye filamu. Zitaonyeshwa siku ya uzinduzi. Mama Vifungo ndiye aliyezileta, mke wa Mzee Chuma."

Mzee Chuma hakuhitaji kuelezwa. Ndiye aliyekuwa shujaa wa filamu ile, na jina hilo alilipata kwa sababu ya tukio moja tu: kuruka kutoka juu ya paa la ghala hadi ndani ya lori lililokuwa likienda mbio. Bi Taratibu mwenyewe, akiwa darasa la tatu, aliwahi kujaribu mruko ule kutoka juu ya banda la kuku, na alama aliyoipata bado ilikuwa gotini.

"Walikuja lini?"

"Wamekuja mara mbili. Mara ya kwanza tuliwaalika waone mkanda wa kwanza. Mzee alifurahi kama mtoto. Mama naye aliona pini kwenye kola ya gauni hili la maua, pini aliyoisahau yeye, maana alikuwa fundi wa mavazi. Alicheka hadi akatoa machozi. 'Hata pini inaonekana!' alisema. Mara ya pili walileta nguo. Tulikuwa hatujaziomba, Mama alipiga simu mwenyewe."

"Akazitundika nani?"

"Yeye. Alisema hakuna anayejua kuzishika. Mimi nilimfungulia, halafu..." Fundi alisita, akaona haya. "Halafu nilikimbilia nje kupiga picha na Mzee Chuma. Jengo zima lilikuwa huko. Hata bosi."

"Nani mwingine aliingia siku zile?"

"Kunguru. Lakini yeye aliishia mapokezi."

"Kunguru ndiye nani?"

"Muulize mlinzi," alisema Fundi. "Atakueleza mpaka uchoke."

Mlinzi wa getini alipogundua kwamba mgeni aliwahi kuwa polisi, alisimama wima na kubana visigino. Kuhusu Kunguru alikuwa na mengi. Kunguru alikuwa na duka la vitu vikuukuu vya sinema, na hajawahi kutoka pale mikono mitupu. "Afande, siku ile nilimkagua nikamkuta na balbu iliyoungua, swichi, na kalamu za mapokezi. Nikamuuliza, balbu iliyoungua ya nini? Akaniambia, 'Hii imewahi kumulika filamu.' Mtu huyo si mzima."

"Kila anayetoka unamkagua?"

"Kila mtu, afande. Isipokuwa wazee wa heshima. Mke wa Mzee Chuma nitamkagua nimtafute nini? Nilimbebea sanduku mimi mwenyewe, kuingia na kutoka." Alijishika bega. "Zamani walitengeneza masanduku, bwana! Nguo ameziacha ndani, sanduku tupu, na mpaka leo bega halijanisamehe."

Bi Taratibu alimpa pole, akaenda zake kwa Kunguru.

Duka lilikuwa jembamba, limejaa kutoka sakafuni hadi darini: mabango, viti vya ukumbini, taa, vichwa vya mitambo. Kunguru alijitokeza katikati ya vitu hivyo kama panya kwenye gunia. Kabla hata hajasalimiwa, macho yake yalikimbilia kwenye kopo la duara lililokuwa chini ya kaunta, na hilo likatosha kumvuta Bi Taratibu.

"Lifungue," alisema.

"Dada yangu, hilo ni la binafsi."

"Lifungue, kaka yangu, au nilifungue mimi."

Lilifunguliwa. Ndani palikuwa na biskuti, na juu yake meno ya bandia yaliyofungwa kwenye leso.

"Hayo aliyavaa jambazi kwenye filamu ya tatu ya Mzee Chuma," alisema Kunguru kwa aibu. "Niliyanunua kwa halali. Biskuti ni zangu."

Bi Taratibu alijitahidi asicheke, akashindwa, na baada ya wote wawili kucheka mambo yakawa mepesi. Alimweleza kuhusu mkanda uliopotea. Kunguru alisikiliza akitafuna, kisha akatikisa kichwa kama mganga aliyeletewa ugonjwa asioujua.

"Wa tano peke yake? Haiwezekani kuwa ni mwizi wa biashara. Mimi ningeichukua yote minane. Nani anaiba kiatu cha mguu mmoja?"

"Mwenye mguu mmoja."

"Au asiyetaka wewe uvae cha pili," alisema Kunguru. "Isitoshe, huyo mwizi alipata wapi nakala ya kubadilishia? Nimeitafuta nakala ya filamu ile tangu nikiwa na nywele. Ninayoijua iko moja tu duniani. Mwenye kampuni aliitoa zawadi ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya Mzee Chuma na yule fundi wake wa mavazi. Nimeshawabembeleza waniuzie, mama akanifukuza kwa mita ya kushonea."

Alipoondoka, Bi Taratibu alihesabu kalamu zake mkobani. Ilikuwa imepungua moja.

Alirudi karakana jioni ile na kumwomba Fundi amwonyeshe mkanda wa tano tena, ule wa ukungu. "Tumehangaika na nani aliingia na nani alitoka," alisema. "Hatujaangalia kilichoibwa. Polepole, tafadhali."

Mandhari ilikuwa ni ileile aliyoikumbuka. Shujaa yuko juu ya paa, maadui wanapanda ngazi. Anafunga kifungo cha juu cha shati. Lori linatokea limejaa magunia. Anaruka. Anazama kwenye magunia, kofia inamtoka, anainuka, anaiokota, anaivaa, na lori linatokomea.

"Rudisha. Simamisha hapo anapookota kofia."

Fundi alisimamisha. Uso ulikuwa doa jeupe lenye kivuli cha macho. Ungeweza kuwa wa yeyote. Lakini mkono ulionekana.

"Mkono gani huo?"

"Wa kushoto."

"Na kifungo cha shati?"

Fundi alirudisha. "Kushoto pia."

"Sasa nionyeshe popote pengine ambapo Mzee Chuma anashika kitu. Bastola, sigara, gazeti, chochote."

Walipitia mikanda mingine saba iliyong'aa. Bastola kulia. Sigara kulia. Kofi alilompiga jambazi, kulia. Hata alipomshika mkono bibi wa gauni la maua ilikuwa ni kulia. Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Shangazi," alisema taratibu, "aliyeruka si yeye."

"Ana mahojiano yoyote kuhusu mruko huu?"

Yalikuwapo. Fundi mwenyewe alimrekodi wiki chache nyuma, ili mahojiano yawekwe kwenye diski pamoja na filamu. Mzee Chuma alitokea kwenye skrini amevaa suti, amejaa tabasamu. Sauti ya Fundi ilimuuliza ilikuwaje aliporuka.

"Ule mruko, mwanangu, ulirukwa mara moja tu. Haukurudiwa."

Na uliogopa?

"Paa lile lilikuwa refu. Mtu yeyote angeogopa."

Lakini ukaruka?

"Watu walipiga makofi! Dereva wa lori alilia."

"Simamisha," alisema Bi Taratibu. Alikuwa ameegemea mbele, uso umemchangamka. "Nimehoji majambazi, nimehoji wanasheria. Sijapata kumwona mtu anayelikimbia neno 'niliruka' kwa ustadi kama huyu. Ulirukwa! Haukurudiwa! Hajasema uongo hata kidogo, mzee wa watu." Alichukua mkoba. "Wa kushoto alikuwa nani, hiyo ndiyo habari. Na anayejua picha zenu zinaonyesha nini ni yule aliyeiona pini."

Nyumba ya Mzee Chuma ilikuwa ndogo na safi, imezungukwa na maua ndani ya makopo ya rangi. Sebuleni palikuwa na cherehani, na rafu nzima ya chupa za vifungo zilizopangwa kwa rangi. Bi Taratibu alipofika asubuhi iliyofuata, jambo la kwanza kumlaki lilikuwa harufu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu, karibu, karibu sana."

"Samahani kuuliza. Kuna aliyemwaga siki?"

"Umeisikia?" Mzee Chuma alifurahi kupata shahidi. "Namwambia mama watoto kila siku, kuna kitu kimechacha kwenye stoo, ananiambia ni pua yangu imezeeka!"

Mama Vifungo aliingia na sinia ya chai. Alikuwa mrefu, sawasawa na mumewe, mwembamba, na mita ya kushonea ilikuwa shingoni mwake kama mkufu. Alisalimia kwa ukarimu, akainua birika, akaanza kumimina.

"Nimekuja kwa jambo la kusikitisha," alisema Bi Taratibu. "Kuna mkanda umeibwa pale karakana. Mkanda wa tano."

Mzee Chuma aliduwaa. Mdomo ulibaki wazi, na Bi Taratibu, aliyekuja akiamini kabisa kwamba mzee huyu ndiye aliyemtuma mkewe, aliiona dhana yake ikibomoka mbele ya macho. Uso ule haukuigiza. Mtu huyu kwenye filamu zake zote hakuwahi kuigiza vizuri hivyo.

"Wa tano," alisema mzee, sauti imekauka. "Wa tano ndio wenye..."

Chai ilifurika kikombe, ikajaza kisahani, ikaanza kuelekea kwenye kitambaa.

"Mama," alisema Bi Taratibu kwa upole, "naona unatumia mkono wa kushoto."

"Tangu nizaliwe."

"Hata kuokota kofia?"

Mama Vifungo aliweka birika chini. Alimtazama mgeni, kisha akamtazama mumewe.

"Baba, nenda kaniletee sukari."

"Sukari ipo hapa."

"Basi kaniletee nyingine."

"Siendi popote," alisema Mzee Chuma, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikafanana na ya kwenye filamu. "Wewe mwanamke umefanya nini?"

Mama Vifungo alikaa kwenye kiti cha cherehani, akanyoosha gauni. "Nimefanya ninachofanya siku zote. Nimekufunika."

Habari yenyewe walisimulia wote wawili, mmoja akianza na mwingine akimkatiza. Mtu aliyeajiriwa kuruka hakutokea siku ile. Lori lilikodiwa kwa siku moja tu na jua lilikuwa linashuka. "Nilipanda juu ya paa," alisema Mzee Chuma, "nikatazama chini, nikashuka kwa ngazi."

"Hakushuka. Alishushwa. Watu wawili walimshika miguu."

"Haya, nilishushwa! Halafu huyu, wakati huo ni fundi tu wa mavazi, hata wachumba hatujawa, akamwambia mwongozaji, 'Nipe hizo nguo.' Baba yake alikuwa mwezekaji. Amekulia juu ya mapaa akimshikia misumari."

"Na nguo zake nilizishona mimi, nilijua zitanienea." Mama Vifungo aliinua kidevu. "Nikaruka. Wakaapa wote kunyamaza. Filamu ikatoka, watu wakampa jina la Chuma, kazi zikaja, tukaoana, tukazaa. Nakala za sinema zilikuwa na ukungu, nani angejua? Halafu yule binti akanionyesha pini. Pini! Nikasema, kama pini inaonekana, basi pua yangu itaonekana mpaka tundu. Nikauficha mkanda wa tano wa nakala yetu chini ya nguo sandukuni, nikaenda nikabadilisha. Huyu mzee wangu amebakiwa na meno sita na jina moja. Meno siwezi kuyalinda. Jina siwaachii."

Mzee Chuma aliinuka, akaenda akasimama mbele ya mkewe.

"Nimetaka kusema tangu mwaka ule ule," alisema. "Nani aliyenikataza?"

"Mimi."

"Kila nikiulizwa nakwepa kama mwanasiasa. Mpaka wajukuu wananiambia, babu, ruka basi tuone! Nimechoka kuwa chuma, mama. Mimi ni mtu wa kuogopa ngazi. Nilikuoa kwa sababu ulikuwa juu ya paa na mimi nilikuwa chini nikikutazama, na tangu siku hiyo sijamaliza kukutazama. Na hakuna mtu ninayeweza kumwambia!"

Mama Vifungo aliishika mita ya shingoni, akaizungusha kidoleni. Bi Taratibu alijishughulisha na kufuta chai iliyomwagika, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine ya polisi hapo.

"Kuna jambo moja bado," alisema baadaye. "Ufunguo wa chumba kile ulikuwa kwa yule Fundi. Anaaminiwa kuwa ndiye mwizi. Bodi inakaa kesho kumfukuza."

"Binti yupi?" Mama Vifungo alisimama. "Yule wa miwani? Aliyenionyesha pini?"

"Ndiye."

"Mtoto wa watu!" Alikuwa ameshafika nusu ya ukumbi. "Na wewe umekaa unakunywa chai! Mambo kama hayo si unaanza nayo!"

Alirudi amekumbatia furushi la shuka nyeupe lililokuwa chini ya kitanda, mahali pakavu. Alikuwa amelifunga mara tatu na kulishona. Alilifumua kwa meno.

Bi Taratibu alipiga simu karakana.

"Nimeupata," alimwambia Mkurugenzi. "Umrudishie binti ufunguo kabla sijafika."

"Nani aliiba?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Ulisema kikulacho ki nguoni mwako. Ulikuwa sahihi, ila hukuangalia ni nani aliyeshona hizo nguo."

Mkurugenzi aliomba arudiwe sentensi hiyo, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Siku mbili baadaye walikusanyika kwenye chumba cha kutazamia. Mkurugenzi alikuwa amemwomba Fundi radhi mbele ya wafanyakazi wote, kwa hotuba ndefu kuliko kosa lenyewe, na alipoelezwa kwamba sasa uzinduzi utakuwa na habari ambayo hakuna gazeti litakaloiacha, aliifungua tai yake kabisa, akaonekana kama mtu aliyetoka jela. Suala la kumshtaki mtu halikutajwa tena. Fundi alikaa kwenye mitambo akiwa na glavu mpya. Mzee Chuma na Mama Vifungo waliketi mbele, yeye ameshika kiwiko cha mkewe kama kwamba ndege inataka kuruka.

Taa zilizimwa.

Paa. Bati lile lilikuwa na kutu, na kila mkunjo ulionekana. Mtu alitokea amevaa shati jeupe, akafunga kifungo kwa mkono wa kushoto, na hapakuwa na ukungu tena wa kumficha: alikuwa msichana mwembamba mwenye macho makali, nywele zimefungwa chini ya kofia. Lori likaja. Akaruka.

"Simamisha!" alisema Mama Vifungo.

Msichana alibaki pale angani, mikono wazi, magunia bado mbali chini. Mama Vifungo hakuwahi kujiona vile. Kwenye nakala ya harusi alikuwa doa jeupe tu. Aliinuka kitini, akaisogelea skrini mpaka mwanga ukamwangukia usoni.

"Kumbe nilikuwa nacheka," alisema. "Siku zote nilidhani nilikuwa napiga kelele."

Mzee Chuma alikuwa akipenga kamasi kwenye leso.

"Ile kola imepinda," Mama Vifungo aliendelea, akinyoosha kidole. "Upande wa kulia. Nilivaa haraka. Binti yangu, kwa hizo kompyuta zenu, mnaweza kuinyoosha?"

"Tunaweza, mama," alisema Fundi. "Lakini hatufanyi. Tunafuta vumbi na mikwaruzo. Kilichokuwapo siku ile hatukigusi."

Mama Vifungo aliitazama kola ile muda mrefu, kama mshonaji anayeamua kama afumue au aache.

"Basi iacheni," alisema. Alirudi kukaa, akauchukua mkono wa mumewe na kuuweka mapajani. "Rudisha nyuma, mwanangu. Na safari hii usiisimamishe mpaka nitue."